Mama Mkwe Alikuja Kuniokoa na Mtu Niliyemtunga

Mume wangu ni mtu mpole, na upole wake uliwahi kumponza kwa sababu ya kazi yangu.

Ni fundi wa mashine. Anatengeneza makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na pampu za kuvutia maji kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Akiitwa machimboni hukaa huko siku kadhaa, akarudi na vumbi la mawe mpaka kwenye kope, akaoga, akala, akalala. Haongei sana. Akitaka kusema jambo hukohoa kidogo kwanza, kama mtu anayepiga hodi. Nilipoolewa naye nilidhani ana kifua.

Mimi nina duka la steshenari hapa Geita mjini. Natoa nakala, nachapa barua za maombi ya kazi, ratiba za mazishi, kadi za harusi, mihtasari ya vikao vya vikoba. Katikati ya wateja naandika hadithi. Nilianza nikiwa msichana kwetu Shinyanga mjini, na kwa miaka mingi niliandika mapenzi kama wenzangu wengi. Baadaye nikagundua kwamba kinachonivuta si mapenzi, ni hofu. Wala si hofu ya majini au majambazi wenye bunduki. Ni ile hofu ya mtu aliyekaa sebuleni kwake mchana kweupe, chai iko mezani, watoto wanacheza nje, naye haamini tena kichwa chake mwenyewe.

Nadhani ilianzia dukani. Mtu akija kuchapisha barua huketi kwenye stuli pembeni yako, akitazama maneno yake yakitokea kwenye kompyuta. Ghafla anasema, "Hapana, dada, futa hapo." Unafuta. Hakuambii kwa nini, na wewe huulizi, lakini umeshaona uso wake. Nimefuta sentensi nyingi za watu. Nikawa najiuliza wenyewe wanakwenda kuishi nazo vipi.

Hadithi iliyonipata kisawasawa ilikuwa ya mwanamke mmoja na mumewe. Mume hampigi, hatukani, halewi. Anahamisha vitu tu. Leo funguo zilizokuwa msumarini ziko chini ya godoro. Kesho chumvi iko kwenye kopo la sukari. Mke akiuliza, mume anamjibu kwa sauti ya upole, "Lakini si wewe mwenyewe uliyeweka?" Majirani wanampenda yule bwana. Mke akilalamika, wanamwambia apumzike, amechoka. Mpaka inafika siku anaanza kuuliza watu kama jana ilikuwepo.

Nilitaka nijue mtu anavyojisikia. Nikamwomba mume wangu anisaidie.

"Kila siku hamisha kitu kimoja humu ndani," nilimwambia. "Usiniambie. Nikikuuliza, kana."

Akakohoa. "Nikane wakati ni mimi?"

"Ndiyo. Ni kwa ajili ya hadithi."

Sijaona mtu asiyeifaa kazi ile kama yeye. Siku ya kwanza alihamisha kiatu cha mtoto, na kabla sijaketi kula akasema, "Kiatu kiko juu ya kabati, asije akachelewa shule." Siku ya pili alificha kijiko cha mchuzi, akakaa anacheka peke yake mpaka nikakiona mfukoni mwake. Nilimkemea. Nikamwambia kama anashindwa kumdanganya mke wake mwenyewe basi hawezi chochote. Maneno hayo nadhani yalimwingia, maana wiki iliyofuata alifanya sawasawa.

Siku hiyo nilirudi kutoka dukani nikakuta picha ya marehemu mama yangu haipo ukutani. Msumari upo, picha haipo. Nikamuuliza. Akanitazama, akasema taratibu, "Picha gani?"

Nilijua ni mchezo. Mimi ndiye niliyeutunga. Lakini nilivyomtazama na yeye alivyonitazama, kitu fulani kiliteleza ndani ya kichwa changu. Niliona kabisa inawezekana picha ile haikuwahi kutundikwa pale. Nikaanza kukumbuka ukuta bila picha. Nilipiga kelele, "Umeificha wapi? Unanitia wazimu! Nirudishie mama yangu!" Na nikalia kweli, machozi yale ya mtoto, nimeshika mlango.

Alishtuka kuliko mimi. Alikimbia chumbani akairudisha, ilikuwa imefungwa kwenye shuka safi ili isikwaruzwe. Akaitundika, akanishika mikono, akasema, "Mama watoto, tuache. Mimi siwezi kazi hii." Tukaacha. Siku iliyofuata niliandika sura nzima bila kuinuka, na mpaka leo sijaandika sura bora kuliko ile.

Ila nilisahau kwamba ua wetu ni wa kuchangia. Ng'ambo ya ua alikaa jirani yetu, mama mjane anayeuza vitenge sokoni, Mwislamu mcha Mungu ambaye wazee wake walitoka Pwani wakaja huku kwa biashara. Alikuwa akianua nguo. Alisikia kila neno.

Pengine angeyasahau. Lakini wakati huohuo hadithi ilianza kusomwa redioni. Nilikuwa nikiituma sehemu kwa sehemu kwenye kundi la WhatsApp la wapenzi wa hadithi, na mtangazaji mmoja akaniomba aisome hewani kila Jumapili alasiri. Nilikubali kwa furaha, nikaendelea kuandika huku inasomwa. Kila mtu mtaani alijua ni yangu. Na ndani ya hadithi, yule mume mbaya, kabla ya kusema uongo wake, hukohoa kidogo. Humwita mkewe mama watoto. Akinawa mikono hukung'uta vidole mara tatu kabla ya kugusa ugali.

Sikufikiri sana juu ya hayo. Unapomtunga mtu unatafuta vitu vidogo vya kumfanya asimame kwa miguu yake, na vitu vilivyokuwa karibu yangu vilikuwa vya mume wangu. Nilikuwa nimemvisha mtu katili shati la mtu mpole, na mtaa mzima ukalitambua shati.

Mwanzoni nilicheka. Mwenye bucha alimkatia mume wangu nyama ya mafupa matupu bila kumwitikia salamu. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani waliokuwa wakimtania waliacha kumtania. Siku moja alikwenda kinyozi, akakuta redio inasoma hadithi yangu, watu wote wakanyamaza, na kinyozi akamnyoa bila kusema neno mpaka mwisho. Alirudi nyumbani akasimama mbele ya kioo.

"Wamekunyoa vizuri," nikamwambia.

Akakohoa, kisha akajizuia, kama mtu aliyeshikwa. Ndipo nilipoacha kucheka. "Niwaambie waache kuisoma?" nilimuuliza.

"Hapana," akasema. "Wataishiwa tu. Na mimi nataka kujua inaishaje."

Kisha jirani akaja dukani. Alisubiri wateja waishe, akaketi kwenye stuli, akaufungua mkono wangu na kuweka ufunguo ndani yake.

"Chumba changu cha nyuma kina kitanda na neti," alisema. "Siku yoyote, saa yoyote. Huna haja ya kunieleza."

Nilimwambia hapana, dada yangu, ile ni hadithi tu, mume wangu ni mtu mzuri, yale uliyosikia tulikuwa tunajaribu jambo. Nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kunitazama kwa huruma. Na mimi mwenyewe nilisikia maneno yangu yanavyosikika. Ni mtu mzuri. Tulikuwa tunajaribu jambo tu. Ni maneno yaleyale niliyokuwa nimemwandikia mwanamke wa kwenye hadithi.

"Sawa," alisema, akikunja vidole vyangu juu ya ufunguo. "Ila ukae nao."

Sikuweza kuurudisha. Nilipobaki peke yangu sikuandika chochote. Kwenye hadithi yangu nilikuwa nimeweka jirani pia. Jirani yule husikia kilio, akaongeza sauti ya redio.

Mambo yalifika mwisho asubuhi moja ya katikati ya wiki. Mume wangu alikuwa uani anafungua mota ya pampu, mimi najiandaa kwenda dukani. Mlango wa ua ukafunguliwa, akaingia mama mkwe wangu. Anaishi Samuye, kijijini, Shinyanga Vijijini, anakolima na kufuga, na kusafiri kwake si jambo dogo. Alikuwa amepanda gari mpaka Kahama, akalala kwa ndugu, akaunganisha alfajiri. Kwa kawaida akija unasikia kuku kabla hujamwona yeye. Huja na kuku, karanga, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa juani. Siku hiyo hakubeba hata kuku. Hapo nikajua kuna jambo.

Nilipiga goti nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama. Aliitikia, lakini hakumtazama mwanawe, aliyekuwa amesimama na mikono yenye grisi akingoja zamu yake ya kusalimia.

"Wewe kaa hukohuko nje," alimwambia. Akanishika mkono tukaingia chumbani, akafunga mlango.

Mama mkwe anaelewa Kiswahili kidogo tu, na jambo zito hulisema kwa Kisukuma. Mimi Kisukuma changu ni cha mtoto wa mjini, nakisikia vizuri kuliko ninavyokisema. Aliniketisha kitandani. Akasema nivue kitenge cha mabegani. Akaangalia mikono yangu, shingo yangu, akanigeuza akaangalia mgongo. Mikono yake ilikuwa mikavu na yenye joto. Tangu mama yangu afariki hakuna mtu aliyenigeuza vile, kama mtoto anayetafutwa kilichomuuma.

"Mwilini hakuna," alisema. "Basi ni humu." Akanigusa kichwani. "Mjukuu wangu amekuwa akinifasiria redio. Nilianza kusikiliza kwa kujivuna, maana wameniambia mkwe wangu ndiye anasema. Kisha nikamsikia mwanangu. Nimemlea yule, najua anavyokohoa. Najua anavyonawa. Nikasema, mkwe wangu hana pa kusemea, ndiyo maana amekwenda kusema redioni."

Nilifungua mdomo. Akaninyamazisha.

"Sikiliza. Mimi nilimzaa yeye, wewe sikukuzaa. Lakini sikumzaa ili amtese mtoto wa mwenzangu. Kama ni kweli, leo tunaondoka na watoto, mnakaa kwangu. Yeye atabaki na mashine zake. Nimeshamwambia shemeji yako atengeneze kile chumba."

Nililia. Na nilivyolia ndivyo alivyoamini zaidi. Alinyanyuka, akafungua mlango, akamwita mwanawe. Mume wangu akaingia akainama, mikono bado ina grisi, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu.

"Umemfanya nini?"

"Mama, ile ni hadithi."

"Hadithi ina kikohozi chako?"

Akakohoa. Hakuweza kujizuia, maskini. Ndivyo anavyoanza kusema. Mama akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa ushahidi. Sijui nani alianza. Nadhani ni mimi, katikati ya machozi, kicheko kikanitoka puani. Kisha mume wangu. Mama alibaki amesimama katikati yetu, hacheki, akitutazama mmoja baada ya mwingine, mpaka akaketi chini kwenye mkeka na kusema, "Basi nielezeni. Tangu mwanzo. Yote."

Sikufungua duka siku hiyo. Tuliketi uani kwenye kivuli cha nyumba, nikamsimulia mama mkwe hadithi nzima kwa Kisukuma changu kibovu. Nikikwama, mume wangu ananipa neno. Jirani wa vitenge alirudi sokoni mapema, akatukuta, akavuta kigoda naye akaketi, nami nikawa nasimulia kwa lugha mbili. Nilieleza tulivyofanya majaribio, kijiko mfukoni, picha ya mama. Jirani aliziba mdomo kwa mtandio. "Kumbe ile picha!" alisema. Kisha akamgeukia mume wangu, akamwambia kwa unyonge, "Shemeji, nilikufikiria vibaya." Mume wangu akamjibu kwamba hata yeye alishaanza kujifikiria vibaya.

Mama mkwe hakuwa na haraka. Alinisimamisha mahali pengi. Nilipofika pale mwanamke anapokwenda kwa majirani na kila mmoja anamwambia apumzike, aliinua mkono.

"Hakuna hata mmoja?"

"Hakuna, mayu."

"Na mama mkwe wake?"

"Hana. Alikufa."

"Nani alimuua?"

Nilimuua mimi, sura ya kwanza, kwa mstari mmoja. Hadithi za aina hii ndivyo tunavyoziandika: unamwondolea mwanamke watu wote, mmoja mmoja, mpaka abaki peke yake na adui. Nilikuwa naamini kwamba bila hivyo hofu haisimami. Nikajaribu kumweleza.

"Mji gani huo," aliuliza, si kwa kunibishia, alitaka kujua kweli, "mtu analia na hakuna anayekuja?"

Nilitazama waliokuwa wamenizunguka. Mmoja alisafiri kutoka Samuye kuja kunichukua kutoka kwa mwanawe wa kumzaa. Mwingine alinipa ufunguo wake bila kutaka maelezo. Hata yule mwenye bucha na mafupa yake, na kinyozi aliyenyamaza, walikuwa upande wangu. Wote waliniamini kabla sijasema neno, na kwa jambo ambalo halikuwa la kweli. Nilikuwa na watu wa namna hiyo miaka yote na nilikaa dukani nikiandika dunia isiyo nao.

Mama alikaa nasi mpaka Jumapili. Aliposikia sehemu ya wiki hiyo redioni, mume wangu ameketi pembeni yake, alikuwa akimpiga kwenye goti kila yule mtu mbaya anapokohoa. Siku ya kuondoka alimwambia mwanawe amsamehe. Mume wangu akasema, "Mama, ungekuja hivyohivyo kama ningekuwa mbaya kweli. Mimi nimefurahi." Sijamsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja. "Wabeja," mama alimjibu, asante.

Sehemu za mwisho zilikuwa bado sijaziandika, na nilimwomba mtangazaji apumzishe hadithi kwa wiki chache. Niliandika upya. Sikuweza kumfufua mama mkwe aliyekwisha kufa hewani, lakini nilimpa yule mwanamke shangazi wa mumewe, bibi mmoja mkali ambaye anafika nyumbani, anakaa siku tatu bila kusema kitu, anatazama tu. Anaona funguo zinavyohama. Anamwamini. Nilihofia hadithi itapoa. Ikawa kinyume. Sasa mwanamke alikuwa na mtu wa kupoteza, na wasomaji wakaanza kuniandikia usiku na mchana wakiniomba nisimguse shangazi. Sikujua kazi yangu ilikuwa na mlango huo. Nimeshaandika vitabu viwili baada ya hadithi hiyo, na katika kila kimoja kuna angalau mtu mmoja anayekuja.

Kabla ya sehemu ya mwisho mtangazaji alinihoji, nikasema hewani kwamba mume wangu ni mtu mwema na kikohozi nilimwazima tu. Bucha walimkatia maini.

Miezi kadhaa baadaye, mwanamke mmoja aliingia dukani akiwa amemshika mkono mtoto wa kike. Alinisalimia, akauliza kama mimi ndiye wa hadithi ile ya redio. Alisema ametoka Buseresere, njia ya Biharamulo. Alinieleza akiwa amesimama, kwa kifupi, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Alikuwa ameolewa na mtu wa namna ile. Hakuwa na maneno ya kumwambia dada yake, kwa sababu hakukuwa na kovu la kuonyesha. Jumapili moja alimpigia dada yake anayeishi hapa mjini, akamwambia afungulie redio asikilize, kisha akakata simu. Ilipoisha sehemu ile, dada alipiga. Hakuuliza chochote isipokuwa, "Nije na gari saa ngapi?"

"Sasa naishi kwake," alisema. "Nilisema nikipita nikusalimu."

Nilimwambia asante. Nilitaka kumweleza kwamba mtu wa namna ya dada yule nusura asiwemo kwenye dunia niliyokuwa nikiiandika, lakini hilo halikumhusu. Alikuwa na shida nyingine: anamwandikisha mtoto shule, anahitaji nakala za cheti cha kuzaliwa. Nikawasha mashine. Wakati inapata joto mtoto alipanda kwenye stuli akaomba aandike jina lake kwenye kompyuta. Nikamwachia kibodi. Aliitafuta kila herufi kwa kidole kimoja, mama yake amesimama nyuma yake akimsaidia, na hakuna aliyeniambia nifute kitu.